Chaja ya mezani: simu mbele, betri ya akiba nyuma

Chaja ya mezani yenye nafasi mbili, moja ya kusimamishia simu na nyingine ya kulazia betri ya akiba, ni kifaa kilichokwisha kusahaulika katika miji mingi ya dunia, lakini hapa Bukavu bado kina kazi. Ninayo moja juu ya meza ya ofisi yangu ndogo ya kuchapa barua na kutoa fotokopi, upande wa Nyawera, na kwa kuwa wateja huniachia simu na betri zao wakati wakisubiri karatasi, nimejikuta nikikichunguza kifaa hicho zaidi ya mashine ya fotokopi inayonilisha. Wengi wanaokitazama huamini kwamba nafasi zile mbili zinafanya kazi moja na kwamba zimetofautiana umbo tu. Sivyo. Nafasi ya mbele ina kazi yake na ya nyuma ina yake, na mtu asiyejua tofauti hiyo hupoteza sehemu kubwa ya saa chache za umeme anazojaliwa kupata kwa siku.

Tuanzie ukutani. Umeme wa Bukavu unatokana kwa sehemu kubwa na maji ya Ziwa Kivu yanayoshuka kwa mto Ruzizi, ambako mtambo wa kwanza ulianza kazi mwishoni mwa miaka ya 1950, na wa pili, ambao Kongo, Rwanda na Burundi huutumia kwa pamoja, ukafuata mwaka 1989. Unafika katika soketi kwa volti 220, nao ni mkondo geu, yaani unakwenda na kurudi mara 50 kwa kila sekunde. Betri ya simu haina la kufanya na umeme wa namna hiyo, kwa maana yenyewe inataka mkondo unaokwenda upande mmoja tu, wenye volti nne na kidogo. Zamani kazi ya kushusha volti ilifanywa na transfoma ya chuma na shaba, ndiyo maana chaja za simu za kwanza zilikuwa nzito hata zikawa zinachomoka zenyewe kwenye soketi iliyolegea. Chaja za siku hizi hufuata njia nyingine: kwanza huunyoosha umeme wa ukutani ukawa mkondo mnyoofu wa volti zipatazo 300, kisha transista, yaani swichi ndogo ya umeme, inaukatakata makumi ya maelfu ya mara kwa sekunde na kuupitisha katika transfoma ndogo isiyozidi ncha ya kidole gumba, na upande wa pili zinatoka volti 5 zilizotulia. Kadiri umeme unavyokatwa kwa kasi, ndivyo transfoma inavyoweza kuwa ndogo, na ndivyo chaja nzima inavyoweza kuingia mfukoni.

Faida ya njia hiyo tunaiona kila jioni. Mtaa mzima unapowasha majiko, volti hushuka na balbu za zamani zinabaki na wekundu tu. Chaja ya transfoma nzito ingeshuka pamoja nazo na betri isingejaa kamwe, lakini chaja ya leo, ambayo kwa kawaida imeandikwa kwamba inakubali volti 100 hadi 240, inaendelea kutoa volti zake 5 huku ikivuta mkondo mwingi zaidi kutoka ukutani ili kufidia. Kwa hiyo mtu anayelalamika kwamba umeme wa jioni haujazi simu, mara nyingi ana waya mbovu, na angetengeneza waya kwanza kabla ya kulaumu mtaa.

Sasa nafasi ya mbele, ile ya simu. Hapa ndipo penye jambo ambalo wateja wangu hawaliamini kwa urahisi: kile tunachokiita chaja ya simu si chaja. Ni chombo cha kutoa volti 5, basi. Chaja yenyewe imo ndani ya simu, ni chipu iliyokaa kati ya tundu la kuchajia na betri, nayo ndiyo inayoamua mkondo kiasi gani uingie, lini upunguzwe na lini ukatwe. Simu iliyochomekwa kwenye kompyuta kwa kebo ya USB 2.0 inajua kwamba haitakiwi kuvuta zaidi ya miliampia 500, yaani nusu ya ampia, lakini ikikuta zile pini mbili za kupitishia data zimeunganishwa pamoja, inatambua kwamba imechomekwa kwenye chombo cha kuchajia na kwamba inaweza kuvuta hadi ampia moja na nusu. Mazungumzo hayo yote ni ya simu na chombo kinachoilisha. Nafasi ya mbele ya chaja ya mezani imekaa katikati tu na kupitisha. Ukiifungua utakuta nyaya na vijispringi viwili au plagi ndogo iliyosimama wima, hakuna kingine.

Nafasi ya nyuma ni habari tofauti. Betri iliyotolewa ndani ya simu imeiacha chipu yake nyumbani. Chukua betri ya BL-5C, ambayo Nokia iliitumia katika simu kama Nokia 1100 ya mwaka 2003 na ambayo viwanda vingi vya simu za vitufe vimeendelea kuiiga hadi leo. Ni kibapa cha kujaa kiganjani, kimeandikwa volti 3.7 na miliampia-saa (kipimo cha umeme ambao betri inaweza kubeba) 1,020 au pungufu, na kwenye ukingo wake kuna miguso mitatu ya rangi ya dhahabu. Wa pembeni mmoja ni chanya, wa pembeni mwingine ni hasi, na wa katikati umeunganishwa na rezista ndogo, yaani kizuizi cha mkondo, inayoiambia simu kwamba hii ni betri ya aina gani. Katika betri nyingine mguso wa ziada unabeba themista, ambayo upinzani wake hubadilika kadiri joto linavyobadilika, ili chaja iweze kujua kama betri inapata homa. Nyuma ya miguso hiyo, chini ya karatasi ya jina, kuna kibao cha ulinzi chembamba kuliko ukucha. Kibao hicho hukata njia betri ikizidi volti 4.25 au 4.3, hukata tena ikishuka hadi karibu na 2.5, na hukata mara moja iwapo chanya na hasi vimegusana. Lakini kibao si chaja. Kazi yake ni kuzuia ajali wakati kila kitu kingine kimeshindwa, na chaja inayokitegemea kibao hicho kila siku ni chaja ya kutupa.

Kwa hiyo nafasi ya nyuma ni lazima iwe na chipu yake yenyewe, na hiyo ndiyo chaja ya kweli katika kifaa kizima. Kazi yake inakwenda kwa hatua. Betri iliyokauka sana, iliyo chini ya volti 3 hivi, hupewa kwanza mkondo mdogo, sehemu moja ya kumi ya ule wa kawaida, mpaka iamke. Ikishaamka, inapewa mkondo wote, na mkondo huo haubadiliki huku volti za betri zikipanda polepole kutoka 3 na kitu hadi 4.2. Zikifika 4.2 mambo yanageuka: chipu inazishikilia volti hapohapo, hairuhusu zipande hata kidogo, na mkondo ndio unaoanza kupungua wenyewe, kama vile mtu anavyolegeza bomba bidoni inapokaribia shingo ili maji yasimwagike. Mkondo ukishapungua hadi sehemu moja ya kumi, chipu inakata na taa inageuka kijani. Hatua ile ya mkondo wote ndiyo ya haraka, na ndiyo inayoingiza sehemu kubwa ya umeme. Hatua ya mwisho inaingiza kidogo na inachukua muda mrefu. Hilo msomaji alishike, nitalirudia kwa hesabu.

Usahihi wa ile 4.2 si jambo la mchezo. Betri ya lithiamu-ioni inayosimamishwa kwenye 4.1 itabeba umeme pungufu kidogo lakini itaishi muda mrefu zaidi. Inayosukumwa hadi 4.3 kila siku itachoka mapema, itavimba, na siku nyingine itafanya mabaya zaidi. Chipu nzuri inakosea kwa asilimia moja na nusu au chini ya hapo.

Fundi mmoja wa Kadutu, ambaye humpelekea vifaa vyangu vilivyokufa, alinionyesha tumbo la chaja moja ya bei nafuu iliyokuwa ikiunguza betri. Ndani kulikuwa na chipu ya miguu minane iitwayo TP4056, ambayo imejaa katika vifaa vidogo vya Kichina, na kando yake rezista nyeusi isiyozidi chembe ya mchele, iliyoandikwa 122. Tarakimu hizo zinasomwa hivi: 12 ikifuatwa na sufuri mbili, yaani omu 1,200, omu ikiwa kipimo cha upinzani. Rezista hiyo ndiyo inayoiamuru chipu itoe mkondo kiasi gani, na kwa omu 1,200 chipu hiyo inatoa ampia moja nzima. Kwa betri kubwa ya simu janja hakuna neno, lakini kwa betri ya miliampia-saa 1,020, na hasa ile iliyoandikwa 1,020 huku ikibeba nusu yake, huo ni mkondo wa kuilazimisha. Fundi aliyeyusha lehemu, akaitoa kwa kibano, akaweka nyingine iliyoandikwa 202, na chaja ikashuka hadi miliampia 580 hivi. Joto la chaja nalo likapungua, kwa sababu chipu ya namna hii inazigeuza kuwa joto volti zote zilizozidi kati ya 5 za chaja na 3.7 za betri. Mkondo ukipungua karibu nusu, joto linapungua karibu nusu. Kazi yenyewe haikuzidi muda wa kunywa chai, na malipo yake yalikuwa faranga chache kuliko bei ya betri mpya.

Tukiziweka nafasi mbili pamoja ndipo linapozuka swali ambalo kwangu ndilo kiini cha kifaa hiki: umeme ni mmoja, nani atangulie? Chombo kinacholisha chaja ya mezani kina mpaka wake, kimeandikwa kwenye kibandiko chake kwa miliampia, na mara nyingi hakitoshi kujaza simu na betri kwa wakati mmoja kwa kasi kamili. Wabunifu wengi wameamua kwamba simu itangulie. Chaja hupima mkondo unaopita kwenda nafasi ya mbele, na maadamu mkondo huo ni mkubwa, nafasi ya nyuma inasubiri, au inapewa matone. Simu ikishajaa na mkondo wake ukashuka, ndipo betri ya akiba inapata zamu. Chaja nyingine hazina akili hiyo: zinaziachia nafasi zote mbili zing'ang'anie, na kinachotokea ni volti 5 kushuka hadi 4 na nusu, simu ikaandika kwamba inachaji huku haisongi mbele.

Uamuzi wa kuitanguliza simu una mantiki yake kwa mtu anayelala huku umeme upo hadi asubuhi. Akiamka, simu imejaa, betri imejaa, na hajali nani alitangulia. Lakini kifaa hicho kikifika mahali ambapo umeme huja kwa zamu, mantiki hiyo inaharibika, na hapa naleta hesabu niliyoiahidi. Tuseme chaja inatoa miliampia 600, simu ni ya vitufe na ina betri ya miliampia-saa 1,020, betri ya akiba ni ya aina ileile, na zote mbili ni tupu. Hatua ya mkondo wote itachukua karibu saa moja na dakika 25, nayo itaingiza miliampia-saa 850 hivi. Zile 170 zinazobaki zinaweza kuchukua saa nyingine nzima, kwa kuwa mkondo unazidi kupungua. Umeme ukidumu saa tatu na nikaiachia chaja ifuate utaratibu wake, simu itajaa, na betri ya akiba itapata dakika 35 tu, sawa na miliampia-saa 350. Jumla ni 1,370. Lakini nikiiondoa simu mwishoni mwa hatua ya kwanza bila kungoja taa ya kijani, betri ya nyuma nayo itapata saa yake moja na dakika 25, na nitakuwa na 850 mara mbili, yaani 1,700, kabla umeme haujakatika. Tofauti ni 330, theluthi ya betri nzima, na hakuna hata faranga moja iliyotumika.

Bila shaka hesabu hii ni ya makadirio, kwa kuwa betri kuukuu hufika 4.2 mapema zaidi na hatua ya pili inakuwa ndefu zaidi, jambo ambalo kwa hakika linaipa hoja yangu nguvu. Kwa simu janja ni rahisi kujua wakati wa kuitoa, maana inaonyesha asilimia, na ikifika 80 au kidogo zaidi inakuwa imeshapita hatua ya haraka. Kwa simu ya vitufe michoro ya betri haisaidii sana, kwa hiyo ninafuata saa ya ukutani.

Kuwashawishi wenye betri ni kazi nyingine. Mama mmoja anayeshuka kutoka Kabare siku za soko huja na betri mbili zilizofungwa katika pindo la kitenge, kila moja ina kipande cha plasta chenye alama ya kalamu, ya kwake msalaba, ya mumewe duara.

"Papa, usiitoe, taa ingali nyekundu," huniambia.

"Mama, tukiisubiri iwe ya kijani, ya baba itapanda Kabare ikiwa tupu."

Hucheka, lakini hubaki amekaa kwenye benchi akiitazama ile taa, na sidhani kama ameniamini. Taa ya kijani ina heshima yake.

Kuna jambo jingine linaloivuruga taa hiyo kwa upande wa simu. Simu iliyowaka inakula umeme wakati huohuo inapochajiwa, na katika mabonde yetu, ambako mtandao unakuja na kwenda, redio yake hutumia nguvu nyingi kutafuta mnara. Chipu ya ndani inaona mkondo unaendelea kuingia na nafasi ya nyuma inaona simu haijashiba, kumbe sehemu ya mkondo huo haiendi kwenye betri hata kidogo. Ndiyo maana huwaomba wenye simu wazizime kabla ya kuziweka. Betri ya akiba haina shida hiyo: imelala peke yake, kila kinachoingia ni chake.

Wengi hawana chaja ya mezani na wanatumia ile ya kubana, yenye meno mawili ya chuma yanayosogezwa hadi yaguse chanya na hasi, na taa za rangi rangi zinazopepesa. Siidharau. Ni nyepesi, inakubali karibu betri yoyote, na nyingine hutambua zenyewe upande upi ni chanya. Lakini meno ni mawili na miguso ni mitatu au minne, kwa hiyo chaja hiyo haiwezi kuisikia themista hata kama ipo, na haijui kama imebana betri ndogo au kubwa. Zaidi ya hayo, nyingi hazina chipu ya kweli ndani, zina transista chache zinazokisia 4.2. Anayeitumia asiiache usiku kucha, na asiiweke juu ya godoro.

Kuhusu joto, Bukavu imebarikiwa. Tuko mita zipatazo 1,500 juu ya usawa wa bahari, na betri za lithiamu, ambazo hazipaswi kuchajiwa zikiwa na joto la juu ya nyuzi 45 hivi, hupata hapa hewa inayozifaa kuliko ya Uvira chini ya bonde. Hata hivyo kibanda cha mabati saa nane mchana ni tanuri, na nimeona betri zikianikwa juani pamoja na paneli ya sola inayozichaji, jambo ambalo ni kuzichoma pande mbili. Kivuli hakina gharama.

Betri iliyochoka hujitangaza kwa kuvimba. Ndani yake gesi imejikusanya na kifuko cha alumini kimetuna katikati. Vijana wa mtaani wana kipimo chao kizuri: wanailaza betri juu ya meza laini na kuizungusha kwa kidole, betri isiyovimba inakwaruza na kusimama papo hapo, iliyovimba inazunguka kwa raha juu ya kitambi chake. Betri inayozunguka haiingii katika chaja yangu, hata mwenyewe akinuna. Tusidhani pia kwamba hatari ni ya bidhaa za bandia tu. Mwezi Agosti 2007 Nokia yenyewe ilitangaza kwamba BL-5C zipatazo milioni 46 zilizotengenezwa na Matsushita kati ya Desemba 2005 na Novemba 2006 zinaweza kupata joto kali wakati wa kuchajiwa, na ikajitolea kuzibadilisha. Kama kiwanda cha namna hiyo kinaweza kupatwa na jambo hilo, betri iliyofungwa upya karatasi ya jina sokoni inastahili jicho kali zaidi.

Upande wa pili kuna betri zinazodhaniwa zimekufa kumbe zimelala. Betri iliyoachwa droo kwa miezi hushuka polepole hadi kibao cha ulinzi kikakata njia, na tangu hapo ukiipima kwa multimita, kile kifaa cha kupimia volti, unapata sufuri. Chaja ya kubana haioni kitu na haiwashi taa. Mafundi huiamsha kwa kuigusanisha na betri nyingine kwa sekunde chache, chanya kwa chanya na hasi kwa hasi, kisha wanaipeleka katika chaja yenye ile hatua ya mkondo mdogo. Mara nyingi inarudi. Lakini betri ambayo imekaa chini ya volti mbili kwa muda mrefu imekwisha kuharibika ndani, shaba yake imeanza kuyeyuka na kusafiri mahali isipotakiwa, na kuilazimisha kurudi ni kujitafutia moto. Anayetaka kuihifadhi betri ya akiba kwa muda mrefu aiache ikiwa na nusu ya umeme, isijae wala isiwe tupu, na asiibebe mfukoni pamoja na funguo.

Ushauri wa kuchaji betri mpya saa nane kabla ya kuitumia, na ule wa kuiacha iishe kabisa kila mara, vyote viwili vilitoka kwenye betri za nikeli za simu za miaka ya 1990. Kwa hizo ulikuwa na maana. Chaja za mezani za wakati ule nyingine zilikuwa hata na kitufe cha kuimaliza betri kwanza. Kwa lithiamu ushauri wa kwanza haufai kitu na wa pili unadhuru. Na kama bado una chaja ya nikeli kabatini, usithubutu kuilazia betri ya lithiamu, maana haijui kusimama kwenye 4.2.

Umeme ukikatika ninachomoa kila kitu kabla sijawasha mshumaa. Hatari kubwa iko katika dakika ya kurudi, wakati umeme unapoingia kwa kishindo na volti zinapopanda juu kwa muda mfupi; hapo ndipo vifaa vingi vinapokufa. Mwenye stabilaiza, kifaa cha kutuliza volti, aitumie, asiye nayo asubiri taa ya jirani itulie.

Simu janja za leo zimeifungia betri ndani kwa gundi, na kwa hizo nafasi ya nyuma haina msaada. Wenye nazo hununua pawabanki, nami sina ugomvi nao, ila wajue wanalipia nini. Pawabanki ya miliampia-saa 10,000 ina seli za volti 3.7, inabidi izipandishe hadi 5 ili zitoke kwenye kebo, kisha chipu ya simu inazishusha tena, na kila hatua inakula ushuru wake, hata simu ikapokea labda thuluthi mbili za kile kilichoandikwa. Betri ya akiba haina ushuru: unafungua mgongo wa simu, unabadilisha, kilichoingia ndicho kinachotumika. Umoja wa Ulaya umepitisha kanuni mwaka 2023 inayotaka, pamoja na misamaha kadhaa, kwamba kuanzia tarehe 18 Februari 2027 betri za vifaa vya kubebeka ziweze kutolewa na mtumiaji mwenyewe. Huku kwetu simu ya vitufe haijaondoka kamwe. Wateja wangu wengi wanabeba mbili, simu janja kwa ajili ya picha na WhatsApp, na ya vitufe kwa ajili ya laini ya pesa, kwa kuwa laini hiyo haitakiwi kuzimika.

Kwa anayetaka kununua chaja ya mezani sokoni, mimi hufanya hivi. Nasoma kibandiko cha chombo kinachoilisha, na kikiwa chini ya miliampia 500 sisumbuki. Natazama nafasi ya nyuma kama ina miguso mitatu au miwili. Kisha naitoa mfukoni betri niliyokwisha kuijaza karibu yote nyumbani, naiweka, nakaa hapo nikizungumza na muuzaji mpaka taa iwe kijani, na kwa hili ninaisubiri kweli. Naipima kwa multimita: ikiwa kati ya 4.15 na 4.20 ninalipa, ikifika 4.25 naiacha mezani pake, hata akishusha bei.